Kubadilishana nyumba, pointi au kupanga fleti: mtu wa Nairobi achukue gani?

Kila mwaka ikikaribia likizo hii hadithi inarudi kwetu, tunaenda wapi na watoto na tutalala wapi, na kila mwaka baba watoto anafungua laptopu anaangalia bei za hoteli halafu anaifunga polepole kama mtu ameona nyoka kwa kabati. Mwaka juzi ndio tukajaribu kitu dadangu alikuwa ametuambia zamani tukamcheka, kubadilishana nyumba na watu wa nje, yaani wewe unaenda kulala kwao na wao wanakuja kulala kwako na hakuna anayemlipa mwenzake kodi. Tulicheka kwa sababu nani huyo atatoka ng'ambo aje kulala South C na kuamshwa na ndege za Wilson saa kumi na mbili asubuhi? Kumbe wapo. Tulipata familia ya Cape Town, watu wanne kama sisi, tukakaa kwao usiku 14 mwezi wa Desemba na wao wakakaa kwetu.

Tangu hapo nimeulizwa na watu wa kazini, na mama wa shule, mpaka na mama wa mboga, so wacha niandike mara moja. Na nitalinganisha kwa macho ya mtu wa Nairobi mwenye pasipoti ya Kenya, kwa sababu ushauri mwingi nilioupata mtandaoni umeandikwa na watu ambao wakiamka Jumatatu wakitaka kwenda Ureno, Jumanne wako Ureno. Sisi sio hao, na hiyo tofauti peke yake inabadilisha jibu.

Njia ziko tatu na nusu. Ya kwanza ni kubadilishana papo kwa papo, nyinyi kwao na wao kwenu tarehe zile zile. Ya pili ni pointi, yaani unamkaribisha mtu leo, unahesabiwa pointi kwa kila usiku aliolala, halafu wewe unazitumia siku nyingine kwa nyumba ya mtu mwingine kabisa. Mtandao wa HomeExchange ndio wakubwa wa hii siku hizi, nyumba yako inapewa pointi zake kwa usiku mmoja kulingana na ukubwa na mahali ilipo na vitu vilivyomo. Ya tatu ni ile tunaijua wote, kupanga fleti kwa Airbnb au hoteli ulipe uishie. Na hiyo nusu ni kwa ndugu, nitaifikia. Kubadilishana kwenyewe sio mambo ya juzi, Intervac, shirika la kubadilishana nyumba, ilianzishwa na walimu wa Ulaya mwaka 1953, na ukifikiria ina maana, mwalimu ana likizo ndefu na mshahara mfupi.

Tuanze na pesa ndio tutoke hapo haraka

Tiketi za ndege weka kando, utazilipa kwa njia yoyote ile. Malazi ndio yanatofautiana. Fleti ya vyumba vitatu tuliyokuwa tumeiangalia Cape Town ilikuwa inakuja kama elfu 15 kwa usiku, ni Desemba, kule ndio kiangazi na kila mtu yuko baharini. Usiku 14 hiyo ni laki mbili na elfu kumi. Kubadilishana kulitugharimu jumla kama elfu 48, na hapo nimehesabu kila kitu: uanachama wa mwaka wa HomeExchange ambao unapita dola 200, so weka juu ya elfu 26, halafu mashuka mapya, kuosha zulia na viti, kununua gesi ya akiba, tokeni za stima, na kumlipa fundi arekebishe mlango wa choo wa chini ambao ulikuwa haufungi tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe. (Hiyo ya mlango sijui kama ni gharama ya likizo ama ni gharama ya aibu.)

Lakini usichukue hizo namba ukimbie nazo. Mkiwa wawili tu na mnaenda siku nne Kigali au Zanzibar, panga chumba, lala, rudi nyumbani. Ukilipa uanachama na kusafisha nyumba nzima juu ya usiku nne umejipiga mwenyewe. Mimi naona kubadilishana kunaanza kulipa mkiwa kuanzia watu wanne na usiku kumi kwenda juu, chini ya hapo ni kujisumbua. Uzuri kwa HomeExchange kujiandikisha na kuweka nyumba yako ni bure, unalipa uanachama ukishapata mtu mkakubaliana, so kuangalia hakuna hasara.

Visa, na hapa ndio penyewe

Sikiza hii vizuri. Kubadilishana papo kwa papo kunachukulia kwamba nyinyi wawili mko sawa. Mzungu wa Lisbon akitaka kuja Nairobi anajaza eTA, kile kibali cha kuingia Kenya, mtandaoni akiwa kwa kochi, na tangu Januari 2024 tulipoondoa visa hiyo ndio kazi yake yote. Wewe ukitaka kwenda kwake unaomba Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya: euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka sita mpaka asifike kumi na miwili, pesa ya kituo cha maombi juu yake, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya kazi, barua ya likizo, alama za vidole, halafu unakaa kungoja. Familia yetu ya wanne hiyo ni euro 270 kabla hata hujajumlisha bima, kama elfu arobaini, na wakikataa hairudi. Uingereza hata mtoto hapunguziwi, ni zaidi ya pauni 120 kila kichwa, mpaka yule wa kubebwa mgongoni.

Sasa fikiria umekubaliana papo kwa papo na watu wa Lisbon, wameshanunua tiketi, halafu visa yako imekataliwa wiki mbili kabla. Wao wanakuja. Wewe huendi. Mtalala wapi? Mtakaa wote hapo sebuleni mkiangaliana? Au utahama nyumba yako mwenyewe uende kwa mamako na masanduku? Hii sio hadithi ya kutisha watu, kuna jamaa nafanya naye kazi ilimpata hivyo hivyo, alihamia Kitengela kwa shemeji yake wiki mbili huku wageni wako kwake wanapika.

Kwa hivyo kwa nchi za visa ngumu mimi nasema chukua pointi, usifunge safari yako na ya mtu. Wageni waje kwanza, pointi ziingie, visa ikitoka unazitumia, isipotoka unajaribu mwaka ujao ama unazipeleka kwingine. Papo kwa papo weka kwa nchi ambazo mnaingia bila kuomba. Afrika Kusini tangu Januari 2023 sisi tunaingia bila visa, siku 90 kwa mwaka, ndio maana tulianzia huko. Beba tu cheti cha homa ya manjano, wanakiuliza kweli, na sindano iwe imedungwa angalau siku kumi kabla, kama ulidungwa zamani kile kijitabu cha manjano siku hizi kinahesabika cha maisha. Mauritius pia ni nchi ya kufikiria.

Kitu kingine, ushahidi wa malazi. Oda ya hoteli ni karatasi moja, jina lako, tarehe, anwani, afisa ameziona elfu. Kubadilishana inabidi ujieleze. Tafuta barua ya mwenye nyumba iliyotiwa sahihi, nakala ya kitambulisho chake, bili inayoonyesha hiyo nyumba ni yake, na mkataba wenu wa kubadilishana, halafu kwa barua yako ya maombi eleza kwa lugha rahisi kwamba mwenyeji hatakuwepo, kwa sababu swali litakuja tu, na huyu anayewakaribisha atakuwa wapi? Atakuwa kwangu South C. Inachekesha lakini iandike. Nchi zingine zina fomu yao ya mwenyeji, kama Ufaransa mwenyeji anaipata kwa manispaa ya kwao na analipia, so muulize mapema sana kama yuko tayari kusumbuka. Hapa hoteli inashinda wazi, sitaki kukudanganya.

Nyumba yako, je inapeanika?

Kupanga fleti hakuna haja ya kujibu hili swali, ndio raha yake. Unafunga mlango wako na vyombo vichafu vikiwa kwa sinki unaenda. Kwa hizo njia zingine mbili mtu mgeni atafungua kila droo yako.

Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kwanza. Usiseme ati si napangisha hakuna pesa, mkataba wako huenda unasema mwingine asikae bila ruhusa, na askari wa geti akiona mtu hamjui na masanduku manne ataita mwenye nyumba kabla hajakuita wewe. Kama ni yako bado waambie majirani na uongozi wa mtaa, majina ya wageni na namba ya gari watakalotumia. Piga simu kwa watu wako wa bima ya vitu vya nyumbani uulize wanasema nini mgeni akiwa ndani, na ukiwa unaachia gari uulize mara mbili. Sisi gari hatukupeana, na wao pia hawakutupa, kila mtu alikodi lake au akaita teksi, na hakuna aliyekosa usingizi.

Nyumba ya Nairobi ina mambo yake na hayo yote wewe unayajua mwilini, hujawahi kuyaandika popote. Maji mtaani kwetu yanakuja siku mbili kwa wiki, usipowasha pampu ile siku tangi la juu halijai, mgeni wa Cape Town atajuaje? Gesi ikiisha unampigia nani? Taka zinachukuliwa lini? Stima yetu ni ya tokeni. Tulikuwa tumeweka ya kutosha nikafikiria, lakini wageni wako na watoto, maji ya moto asubuhi na jioni, siku ya tano saa tatu usiku giza. Kakangu aliye Umoja ndio akanunua tokeni akawatumia zile namba ishirini, wakazibonyeza zote vizuri kwa kile kidude halafu wakasahau kubonyeza ya mwisho ya kuingiza, wakakaa kwa giza robo saa wakingoja zijiingize zenyewe.

Na shawa. Jamani shawa. Usiku wa kwanza kabisa simu inalia, ni askari wetu, mzee tumekaa naye miaka mingi, ananiambia, "Mama, hawa wageni wako wanauliza maji ya moto yako wapi, nimewaambia yako ukutani lakini wanaangalia ukuta tu." Ile swichi nyekundu iko nje ya bafu juu ya mlango, unaiwasha kwanza ndio ufungue maji, na ukifungua maji kwa nguvu yanatoka baridi, lazima uyapunguze polepole mpaka usikie ule mlio. Hebu jaribu kumweleza mtu hiyo kwa simu. Tangu siku hiyo kijitabu chetu cha nyumba kina ukurasa mzima wa shawa na picha tatu.

Halafu kuna dada wa kazi, na hili jambo sijaona mtu yeyote akiliongelea. Dada sio sehemu ya nyumba. Wageni wengine wakisikia uko na mtu wa kusaidia wanafikiri anakuja na nyumba kama friji. Sisi tulikaa naye tukamuuliza, mama unataka kwenda nyumbani likizo yako na mshahara wako kamili, ama unataka kuja mara mbili kwa wiki kusafisha na hao wakulipe juu yake? Akachagua kwenda kwao Kakamega. Akikubali kubaki, bei na siku ziandikwe, na alale kwake, asilale na watu asiowajua.

Chumba kimoja tulikifunga na ufunguo tukaenda nao, hati ya nyumba, vyeti vya watoto, dhahabu kidogo za mamangu, kila kitu cha kulia kikipotea kilikuwa humo.

Upande wao nao

Usifikirie sisi tu ndio tuko na mambo. Alfajiri ya kwanza Cape Town, saa kumi, niliamka kuswali nikafungua mlango wa jikoni nipate hewa, kengele ikalia hiyo nyumba yote, watoto wakaamka wanalia, baba watoto anatafuta miwani ndio atafute karatasi ya maelezo, na kabla hajapata hata moja gari la walinzi liko getini, vijana wawili wamevaa fulana za kuzuia risasi, mimi na kanga kichwani nawaambia sisi ni wageni, tumebadilishana, wenyewe wako Nairobi. Kijana ananiangalia tu. Akaniuliza neno la siri. Neno la siri lilikuwa ukurasa wa tatu wa kijitabu chao, na lilikuwa ni jina la paka. Nikalisoma kwa sauti, akacheka, akatutakia likizo njema.

Kwa fleti ya kupanga hayo yasingetokea, au yangetokea na kungekuwa na mtu wa kupiga simu aje. Hiyo ndio unalipia ile elfu 15. Kwa kubadilishana mtu wa kupigia amelala kwa kitanda chako. Lakini pia kwa fleti ya kupanga watoto wangu wasingepata baiskeli mbili za saizi yao, trampolini, na jirani wa miaka minane aliyekuja kila siku kuwaita, na baba watoto asingepata mashine ya kahawa ambayo mpaka leo anaitaja. Soketi zao ni za pini tatu za duara nono, chaja zetu haziingii, beba adapta. Uingereza hutahitaji, pini ni zile zetu za mraba, na Ulaya kwingi ni mbili za duara.

Kalenda

Hapa papo kwa papo inaumiza tena kidogo. Watoto wetu wanafunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Waingereza wanafunga kuanzia mwisho wa Julai na Agosti yote, so Agosti mnapatana, na wao wanapenda kuja wakati huo kwa ajili ya nyumbu wa Mara. Waambie tu ukweli, Nairobi Julai na Agosti ni baridi na mawingu, iko juu ya mita 1,600 hiyo, wabebe sweta, wasije na kaptura wakuone mwongo. Afrika Kusini likizo yao ya katikati ni Juni na Julai wetu wakiwa darasani, kwa hivyo mnabaki na Desemba.

Kwa pointi sasa, Desemba ni dhahabu na hatujui. Wana Nairobi wenyewe tunahama, wa ushago wanaenda ushago, sisi tunashuka Malindi kwa mamangu wiki mbili, nyumba inabaki na buibui. Na huko Ulaya mtu anazoa theluji anatafuta jua. Hiyo nyumba ambayo ingekaa tupu inaweza kukuingizia pointi za usiku 14 bila wewe kuomba ruhusa ubalozi wowote. Kwangu hii ndio sababu kubwa kuliko zote.

Kumuamini mtu

Piga simu ya video, mwambie akutembeze nyumba yake yote akiwa anaongea, na wewe umtembeze yako pamoja na choo. Soma waliokaa kwake walisema nini, linganisha jina na pasipoti. Mkubaliane kwa maandishi nani analipa stima na maji, kikivunjika inakuwaje, kama mnaruhusu wanyama au sigara au pombe ndani, sisi tuliandika hakuna nyama ya nguruwe kwa sufuria zetu na hakuna aliyenuna. Yeyote anayekuomba utume pesa nje ya mtandao kushikilia nyumba, achana naye hapo hapo, kubadilishana halisi hakuna pesa inayotoka kwako kwenda kwake. Kuna pia ile ya kulinda nyumba na mbwa wa watu ndio ulale bure, mimi siipendi kwa mwenye visa ya kutembea, nchi nyingi zinaweza kuihesabu ni kazi, na kujieleza kwa dirisha la uhamiaji ni kubaya.

Ile nusu, kwa ndugu. Ni rahisi kuliko zote na barua ya mwaliko inaeleweka haraka. Lakini kwa binamu yangu Leicester tulilala sebuleni siku tisa, nikapika pilau ya watu ishirini mara mbili, na London tuliiona siku moja. Siku tatu, sawa, wiki mbili hapana.

So kama unaniuliza mimi: wawili na siku chache, panga. Familia na Afrika Kusini au popote unapoingia bila kuomba, badilishana papo kwa papo. Familia na Ulaya au Uingereza, kusanya pointi Desemba hii ukiwa ushago, na usinunue tiketi isiyorudishwa kabla visa haijatoka. Kama ndio mara yako ya kwanza kabisa kuomba Schengen na hujawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, lipia hoteli inayokubali kughairi, karatasi iwe nyepesi, pointi utazitumia safari ya pili.

Sisi tuna pointi za usiku kumi na mbili tumekalia, na kuna familia Porto wamejibu. Baba watoto tayari ameuliza kama wana mashine ya kahawa.